Mate ya wanafunzi 112
Mate tu, wala si damu. Ndiyo waliyochukua wanasaikolojia Carl Charnetski na Francis Brennan wa Chuo Kikuu cha Wilkes, Pennsylvania, kutoka kwa wanafunzi 112, wakawauliza pia hufanya mapenzi mara ngapi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yangali yanasambazwa huku na huko, mara nyingi nusunusu. Walichopima ni imunoglobulini A, kingamwili iliyo kama bawabu: hukaa kwenye mate, machozi na ute wa pua, ikinasa vijidudu kabla havijapenya mwilini. Wanafunzi waliokutana na wapenzi wao mara moja au mbili kwa wiki walikuwa nayo nyingi kuliko wenzao wote, wakiwemo waliofanya hivyo mara tatu na zaidi! Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachoachwa, na kukiacha ni kuwapotosha watu. Tena, utafiti mdogo namna hii hauthibitishi kwamba tendo lenyewe ndilo lililoongeza kinga, na kingamwili hiyo haimwepushi mtu na VVU wala kaswende. Dhidi ya magonjwa hayo kunahitajika kondomu, na wapenzi wote wawili kupima. Huenda siri ya matokeo ya Wilkes imo katika ukaribu wenyewe. Mwaka 2015, Sheldon Cohen wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake walieleza jinsi watu wazima 404 wenye afya walivyowekewa virusi vya mafua kwa makusudi. Kati ya walioambukizwa, waliokuwa wakikumbatiwa mara kwa mara walipata dalili nafuu zaidi.