Ua la Mbuni Si Buni

Juma hili tunautazama mti unaolisha na kusomesha familia nyingi za Karagwe na Kyerwa, nao ni mbuni. Tutakaa zaidi kwenye ua lake, kwa kuwa katika ua hilo mna jambo linalogusa riziki ya watoto wetu.

Mbuni ulioenea katika wilaya hizi mbili ni ule unaoitwa robusta, ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Coffea canephora mwaka 1897. Asili yake ni msituni. Huota chini ya miti mikubwa katika misitu yenye joto na unyevu, kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo, hadi Uganda na pande za Ziwa Victoria. Kwa hiyo si ajabu kuuona katika kibanja ukistawi chini ya kivuli cha migomba. Usipopogolewa waweza kufikia mita 10. Majani yake ni mapana, yenye kung'aa, na hutoka mawili mawili yakielekeana.

Kiangazi kinapopita na mvua za kwanza kunyesha, vichipukizi vilivyolala kwenye makwapa ya majani huamka. Baada ya wiki moja hivi, shamba huamka jeupe. Maua husongamana kwa vishada, kila ua likiwa na petali 5 hadi 7 zilizoungana chini mfano wa mrija mwembamba, na harufu yake hukaribiana na ya asumini. Subhanallah, uzuri huo wote hudumu siku mbili tatu tu, kisha hunyauka.

Ua la robusta haliwezi kuzaa kwa chavua ya mti wake lenyewe. Lazima lipate chavua ya mbuni mwingine, inayobebwa na upepo au nyuki. Mvua kubwa ikinyesha siku ya kuchanua, kazi hiyo huharibika. Na ua likishatunga, buni huhitaji miezi 9 hadi 11 kuiva na kuwa nyekundu. Katika muda huo kuna ukame, kuna wadudu, na kuna ugonjwa wa mnyauko, ambao tangu miaka ya 1990 umekausha mibuni mingi mkoani Kagera. Maua mengi hayafiki kuwa buni.

Hata hivyo, ni maua hayo hayo yanayouzwa. Biashara hiyo huitwa butura: mwenye fedha humpa mkulima pesa kwa kahawa ambayo bado ni maua au buni changa, kwa bei iliyo chini mno kuliko ya msimu. Viongozi wa serikali wameikemea mara nyingi, lakini shida haingoji mavuno. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari yanatakiwa, na buni bado ni mbichi mtini.

Sisi Waislamu tunalo la kuzingatia zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuuza matunda ya mtende mpaka yawe mekundu au ya manjano, akauliza: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, mtu atahalalishaje kuichukua mali ya ndugu yake? Swali hilo linamhusu kila anayenunua maua ya mbuni. Mavuno yakiwa mabaya, deni husogezwa msimu wa pili, na huenda shamba lenyewe likachukuliwa.

Sheria yetu haikumfungia njia mwenye shida. Ipo salam: bei hulipwa yote mapema kwa bidhaa yenye sifa, kipimo na tarehe vinavyojulikana. Wanachuoni wengi wameshurutisha kuwa isifungwe kwenye matunda ya shamba moja maalumu. Wenye kutaka kuitumia wawaulize masheikh wao kwanza. Ipo pia qardh hasan, mkopo usio na nyongeza, na waumini wa msikiti mmoja wanaweza kuuanzishia mfuko wao. Na mwenye kudai amkumbuke mdaiwa aliyekwama, kama tunavyoelekezwa katika Surat al-Baqarah, aya ya 280.

Lililo jepesi zaidi limo nyumbani. Fedha za kahawa zinapoingia, baba na mama wakae pamoja, watenge fungu la Januari kabla ya matumizi mengine. Mara nyingi butura hufungwa mkewe mtu asijue, ilhali yeye ndiye aliyepalilia mibuni hiyo na ndiye atakayeianua kahawa mvua ikitishia.

Maua yakichanua tena, tuwaite watoto wayanuse na tuwaeleze safari iliyobaki hadi buni kuwa nyekundu. Kisha tuyaache mtini, mali ya nyumba, mpaka yaive. Wabillahi tawfiq.