Kompyuta Haisafishi Orodha ya Mishahara

Kila taasisi ya umma ikipatwa na aibu ya mishahara, jibu la wakubwa huwa ni moja: tutanunua mfumo mpya wa kompyuta. Sisi hatuna ugomvi na kompyuta. Ugomvi wetu ni na viongozi wanaodhani kwamba mashine itawawekea sawa orodha ya wafanyakazi ambayo wao wenyewe wameshindwa kuiweka sawa kwa miaka nenda rudi.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya Afrika tu. Hebu tulitazame jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako vyuo vikuu 13 vya umma viko chini ya uongozi mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uongozi huo uliamua kuachana na mfumo wake wa zamani wa mishahara na mafao, ukachukua programu ya kampuni ya Lawson. Mwaka 2006 mradi ukatupwa kabla haujakamilika, na zaidi ya dola milioni 25 zilikuwa zimekwisha kutumika. Jina hilo la Lawson maofisa utumishi wa Tanzania wanalifahamu vizuri, kwani ndilo lililobeba mishahara ya watumishi wa umma kwa miaka mingi, kabla serikali haijahamia kwenye mfumo uliotengenezwa na wataalamu wake wa ndani.

Wisconsin walijaribu tena. Aprili 2011 mfumo mwingine, wa PeopleSoft, ukaanza kulipa mishahara. Safari hii watu walilipwa, lakini mwanzoni mwa 2013 umma ukaambiwa kwamba vyuo vimelipa takriban dola milioni 33 zisizostahili. Kati ya hizo, zaidi ya milioni 17 zilikuwa michango ya pensheni iliyozidi, na zaidi ya milioni 15 zilikuwa michango ya bima ya afya ya watu waliokwisha acha kazi!

Msomaji wa Tanzania akisikia hayo atakumbuka mwaka 2016, serikali ya Rais Magufuli ilipotangaza kuwakuta wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Hatusemi kwamba Wisconsin kulikuwa na wizi. Tunasema mlango ulioachwa wazi ni ule ule. Mtu ameondoka kazini, jina lake limebaki, na fedha za umma zinaendelea kumfuata. Kompyuta haijui kwamba fulani ameacha kazi mpaka mtu aiambie, na asipoiambia, italipa kwa haraka na kwa usahihi mkubwa kile kisichotakiwa kulipwa.

Upande wa pili wa sarafu ni wale ambao wapo kazini na hawalipwi. Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi 10, kilianza mwaka 2011 mradi wa mfumo mmoja wa mishahara uitwao UCPath. Bajeti ya mwanzo ilikuwa dola milioni 306. Kufikia 2017 mkaguzi wa jimbo alikuta makadirio yamepanda hadi milioni 504, na mradi umechelewa kwa miaka. Mfumo huo ulipoingia Los Angeles na Santa Barbara mwaka 2018, wanafunzi wanaofundisha madarasani wakawa miongoni mwa waliopunjwa au kucheleweshewa malipo. Malalamiko yalifika kwenye bunge la jimbo, na mwaka 2019 Gavana Gavin Newsom akatia saini sheria inayokibana chuo hicho kulipa mishahara kwa siku zake.

Tufikiri kidogo maana yake. Wapo vijana wetu wanaosoma Marekani kwa posho za namna hiyo, na visa zao haziwaruhusu kutafuta kibarua popote wapendapo. Posho isipoingia, kodi ya nyumba inakwama, na karo ya mdogo wake aliyeko nyumbani inakwama pia. Kwa mkubwa ofisini hiyo ni hitilafu ya mfumo, lakini kwa kijana huyo ni njaa.

Kwa hiyo tunawaambia wanaopanga miradi kama hii, huku ughaibuni na kule nyumbani: safisheni orodha kwanza, kununua kufuate. Kubalianeni kanuni za posho, likizo na mafao kabla ya kumwita mtengeneza programu, kwani kila kitivo kikija na utaratibu wake, mtalipia kuziingiza taratibu zote hizo kwenye mashine. Uendesheni mfumo mpya bega kwa bega na wa zamani mpaka hesabu zilingane miezi kadhaa mfululizo. Anayeacha kazi aondolewe kwenye malipo siku hiyo hiyo, na awepo ofisa mwenye jina anayewajibika kwa hilo. Na pawepo fungu la dharura, ili mfanyakazi aliyerukwa alipwe leo, hitilafu itafutwe kesho.

Haraka haraka haina baraka, na katika mishahara haraka hiyo hulipiwa na mnyonge. Mfanyakazi akishatoa jasho lake, ujira wake ni deni, na hakuna deni linalofutwa kwa kusema kompyuta imekosea.