Kama Mboya Angepona

Mwezi huu hebu tujiulize swali ambalo wengi wa Afrika Mashariki wamejiuliza: kama Tom Mboya angepona, ingekuwaje?

Mboya alianza kazi kama bwana afya jijini Nairobi, akawa kiongozi wa wafanyakazi, kisha waziri. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38 tu. Miaka 10 kabla ya hapo alikwenda Marekani kuwatafutia vijana nafasi za masomo, akakutana na Martin Luther King, na mwaka huohuo wa 1959 ndege ikawachukua wanafunzi 81. Mwaka 1960 mpango huo ulimpeleka binti Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

King mwenyewe anatupa sehemu ya jibu. Septemba 1958, akitia sahihi vitabu vyake New York, alichomwa kifuani kwa kisu cha kufungulia barua. Ncha ilifika karibu kabisa na mshipa mkuu wa damu. Angepiga chafya tu, angekufa. Madaktari wakamwokoa. Aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, kwa hiyo aliongezewa muda usiotimia miaka 10. Lakini tazameni alivyoutumia: hotuba ya Washington mwaka 1963, Tuzo ya Nobel mwaka 1964, na mwaka 1965 sheria ya kulinda haki ya watu weusi kupiga kura.

Tusimfanye Mboya malaika. Mwaka 1966 yeye naye alishiriki kumsukuma kando Oginga Odinga. Hata hivyo, kifo chake kilichochea chuki ya ukabila, na kabla mwaka 1969 haujaisha Odinga alikuwa kizuizini na chama chake kimepigwa marufuku. Yawezekana Mboya aliye hai angeipunguza hasira hiyo.

Lakini sisi wauguzi hatuwezi kuwawazia wakubwa peke yao. Huku Ufipa, mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua kule bondeni, kuna mlima wa Lyamba lya Mfipa wa kupanda kabla ya kufika Sumbawanga, na masika barabara huteleza. Tukisimama kaburini twasema siku zake zilifika. Je, ni siku zilizofika, au ni gari lililokosa kufika?

Basi mimba ikifikisha miezi saba, familia ikae pamoja. Itenge nauli, ijue gari la nani litaitwa usiku, itafute ndugu wawili wa kujitolea damu, na imruhusu mama aondoke bila kungoja baba arudi safarini. Aliyewahi kutokwa damu uzazi uliopita ahamie karibu na hospitali mapema.

Hatujui mama huyo angefanya nini kwa miaka 10 zaidi. Watoto wake wangejua.