Laptopu ya Fundi Ikiibiwa, Utafiti Unabaki Wapi?

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Sikuumwa wala sikuishiwa bando. Nilikuwa nafuatilia habari moja huku kwetu Temeke, mhariri wangu akaitupa kapuni, eti "haina mvuto, nani atasoma habari za programu ya kompyuta iliyokufa?" Sawa, bosi. Naileta hapa barazani, kwa sababu najua nyie mtaisoma, na wengine mtakasirika. Kasirikeni tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka miwili iliyopita nilialikwa kwenye uzinduzi wa mradi wa utafiti. Sitaji chuo wala mfadhili, maana nikimtaja mmoja nitakuwa nimemwonea. Wa aina hiyo wako wengi. Ukumbi wa hoteli, fulana, kofia, chai na sambusa, na bahasha ya "nauli" kwa waandishi. Na mimi nilipokea, nisijifanye malaika. Tukaonyeshwa programu kwenye kishikwambi: mhudumu wa zahanati anamsajili mama mjamzito, taarifa zinakwenda kwenye seva, na mama asipohudhuria kliniki anatumiwa ujumbe kwenye simu. Jamani, ilikuwa nzuri. Nikaandika habari ya shangwe na picha juu.

Mwezi uliopita nikapita kwenye mojawapo ya zahanati zile, upande wa Mbagala. Vishikwambi viko kabatini, vimefunikwa na maboksi ya glavu. Nesi, mama mtu mzima, akaniambia: "Mwanangu, siku ya kwanza ya kliniki tulipofungua zahanati zote kwa pamoja, ikawa inazunguka tu. Wajawazito wamejaa kwenye benchi, mimi nakodolea macho kiduara. Nikarudi kwenye daftari langu."

Nikamtafuta kijana aliyeitengeneza. Tulikutana Kijitonyama, tukanywa soda. Hakunificha. Wiki chache baada ya uzinduzi aliibiwa laptopu kwenye daladala pale Tandika. Nakala ya msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, ipo kwenye flashi ya profesa. "Lakini haijengeki, kaka," akasema. Vipande vya programu za watu wengine alivyovitegemea vimebadilika matoleo. Faili la mipangilio lilikuwa kwenye laptopu peke yake. Hatua za kuigeuza msimbo kuwa programu inayofanya kazi alikuwa nazo kichwani, na nyingine ameshazisahau.

Basi. Mradi wa miaka mitatu umeondoka na daladala ya Tandika.

Sasa hoja yangu, na naisema bila kupepesa macho: mradi wa utafiti ambao programu yake haiwezi kujengwa upya kutoka mwanzo na mashine nyingine, na ambao haujapimwa chini ya mzigo wa watumiaji kabla ya kupelekwa kwa wananchi, haujakamilika. Usizinduliwe, na usipewe awamu ya pili ya fedha.

Tuanze na hilo la kujenga, kwa wale ambao si watu wa kompyuta. Msimbo hautembei wenyewe. Unakusanywa, unaunganishwa na vipande vingine, unafungwa, unapelekwa kwenye seva. Kuna namna mbili za kufanya kazi hiyo. Namna ya kwanza ni fundi mmoja kwenye laptopu yake saa sita za usiku. Namna ya pili ni kuandika hatua zote kwenye faili, halafu mashine iliyo kando inazifuata kila mara msimbo unapobadilishwa: inaanza na kompyuta tupu, inajenga, inaendesha majaribio, na likitokea kosa inapiga kelele siku hiyo hiyo. Hatua zikisahauliwa, mashine itakwama na mtajua leo, fundi akiwa bado yupo. Hamtangoja ajue nesi wa Mbagala.

Hili la pili, la mzigo, ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni hesabu ambayo kila mtu wa Dar anaiishi kila asubuhi. Chukua dirisha moja lenye mhudumu mmoja, na kila mteja anahudumiwa kwa wastani wa dakika 1, wengine haraka na wengine polepole. Wateja wanakuja bila mpangilio, kama tunavyokuja sisi. Wakija kwa nusu ya uwezo wa dirisha, mtu atatumia wastani wa dakika 2 tangu afike mpaka aondoke. Wakifikia asilimia 90 ya uwezo, dakika 10. Wakifikia asilimia 99, dakika 100! Mhudumu hajazembea hata kidogo. Foleni haipandi polepole kama ngazi. Inakwenda taratibu, halafu ghafla inapaa. Misingi ya hesabu hizi iliwekwa na Mdenmarki Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akishughulika na simu za Copenhagen, na andiko lake la kwanza la foleni ni la mwaka 1909. Zaidi ya miaka 100, wadau, na bado tunashangaa seva ikizunguka.

Ndiyo maana onyesho la hotelini halithibitishi chochote. Pale wanabonyeza watu wanne. Zahanati zote zikifunguliwa asubuhi ya siku ya kliniki, uko kwenye asilimia 99. Na kulijua hilo mapema hakuhitaji uaguzi. Kuna programu za bure kama JMeter na Locust zinazojifanya watumiaji mia au elfu na kuishambulia seva yako usiku, watu wamelala. Tena unaweza kuanza kabla hata hujaandika msimbo. Ujerumani, kule Karlsruhe, watafiti wana chombo kinaitwa Palladio: unachora usanifu wa programu yako, sehemu gani inaita ipi, kila hatua inakula muda gani, watumiaji wangapi wanakuja, nacho kinaiga mwenendo huo na kukuonyesha mahali foleni itakapojaa. Chombo chenyewe ni zao la utafiti wa chuo kikuu, na matoleo yake ya majaribio yanajengwa na mashine. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wanataaluma hawawezi kufanya kazi namna hiyo.

Msidhani ni ugonjwa wa Bongo peke yake. Oktoba 1, 2013, Wamarekani walifungua tovuti ya HealthCare.gov ya kununulia bima ya afya. Ilielemewa siku hiyo hiyo, na kumbukumbu zilizotoka baadaye zilionyesha siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6. Sita! Kwa jirani zetu Kenya, kwenye uchaguzi wa Machi 4, 2013, mfumo wa kutuma matokeo kielektroniki ulishindwa kazi njiani, na tume yenyewe, IEBC, ikaeleza kwamba kosa la programu lilikuwa likizidisha idadi ya kura zilizokataliwa mara 8. Hebu fikiria. Kosa la kuzidisha mara 8 ni jambo ambalo jaribio dogo linaloendeshwa na mashine linalikamata kabla chai haijapoa: weka kura 10 zilizokataliwa, ukipata 80, simamisha kila kitu. Badala yake kosa lilijitokeza mbele ya taifa zima, roho ziko juu.

Na hapa nyumbani mfano mzuri upo. DHIS2, mfumo unaopokea takwimu za afya ambazo zamani ziliishia kwenye vitabu vya MTUHA, nao ni mtoto wa utafiti. Ulianzia kwenye mradi wa HISP, Afrika Kusini ya miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa sehemu ya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kenya waliusambaza nchi nzima mwaka 2011, sisi tukafuata mwaka 2013. Mafundi wangapi wamepita pale, wameoa, wamehama, wamepata kazi kwingine? Mfumo haujafa. Msimbo uko wazi kwa yeyote kuusoma, na mabadiliko yanapita kwenye mashine za kujenga na kupima kabla hayajamfikia mtumiaji. Haina maana kwamba hausumbui. Unasumbua, waulizeni wanaoingiza takwimu mwezi unapoanza. Lakini ukisumbua, kuna mahali pa kushika.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeshapewa.

La kwanza: "Sisi ni watafiti, si kampuni ya programu." Vizuri. Basi msiipeleke zahanati. Na hata ikibaki chuoni, matokeo yenu yametoka kwenye msimbo huo. Mwingine asipoweza kuuendesha atayahakiki vipi? Mwaka 2020 ripoti ya Imperial College ya London kuhusu Korona ilitikisa serikali kubwa, halafu ikajulikana kwamba msimbo wa uigaji ule ulikuwa maelfu ya mistari iliyoandikwa miaka mingi nyuma, bila maelezo. Kelele zikapigwa. Ikabidi usafishwe kwanza ndipo uwekwe hadharani, na mtafiti wa Cambridge akauendesha akapata matokeo yanayolingana na ya ripoti. Wale walikuwa sahihi kwenye hesabu zao, na bado imani ya watu ilichubuka, kwa sababu msimbo ulikuwa umefichwa. Sasa sisi ambao hata hatujui kama tuko sahihi?

La pili: "Hatuna fedha, umeme wenyewe unaujua." Umeme ndiyo sababu ya kuacha laptopu! Kwa miradi ya msimbo wa wazi, GitHub inakupa mashine za kujenga bila malipo. TANESCO wakikata Chang'ombe, mashine iliyoko ng'ambo inaendelea kujenga. Na fedha mnazo. Nimekula sambusa zenu.

La tatu lina uzito, nalikubali: taarifa za wagonjwa haziwezi kuanikwa. Kweli, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini msimbo si taarifa. Weka wazi msimbo, funga taarifa. Na kwa majaribio ya mzigo usitumie wagonjwa wa kweli hata kidogo. Tengeneza wa kubuni, elfu kumi, wenye majina ya uongo na tarehe za uongo. Yule kijana wa Kijitonyama angeifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Hakuna aliyemwomba. Aliombwa picha za skrini kwa ajili ya ripoti ya mfadhili.

Simlaumu kijana. Alikuwa peke yake, mkataba wa miezi, analipwa kwa kuchelewa. Wanaopanga bajeti ndio nawalaumu. Wanajua kuandika "warsha ya wadau" mara nne, ila mstari wa kupima na kutunza programu hauonekani hata mara moja.

Kwa hiyo naomba haya machache.

1. COSTECH, ambao wako hapo hapo Kijitonyama na ndio wenye vibali vya utafiti, waweke sharti kwa kila mradi unaozalisha programu: achukuliwe mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona, apewe kompyuta tupu na maelekezo yaliyoandikwa. Akishindwa kuijenga, mradi urudi nyuma.

2. Kabla ya uzinduzi itolewe karatasi moja inayosema: tumeiga watumiaji kadhaa kwa pamoja, majibu yalichukua sekunde kadhaa, ilianza kuzidiwa mahali fulani.

3. Wafadhili watenge fedha za angalau miaka miwili ya matunzo baada ya picha ya uzinduzi.

4. Na sisi waandishi. Tukialikwa tena, kabla ya sambusa tuulize maswali mawili: nani mwingine anaweza kuijenga hii, na mmeipima na watu wangapi? Mimi sikuuliza. Habari yangu ile ya shangwe bado ipo mtandaoni, inasema mradi "umeleta mapinduzi" Temeke. Nimemwomba mhariri turekebishe, amesema imeshapita.

Nilipomuaga yule nesi alikuwa anapiga mistari kwenye daftari jipya kwa rula. Nikamuuliza kama angekubali kuletewa programu nyingine. Akasema angekubali, yeye hana ugomvi na kompyuta. Ila safari hii waje siku ya kliniki, si Jumamosi.

Haya, uwanja ni wenu. Mafundi wa programu mnaopita hapa, kama nimekosea hesabu nisahihisheni. Na nyie wa miradi, kama yenu inajengeka, niambieni nije niione. Nauli nitajilipia mwenyewe toka Chamazi.

Alamsiki.