Mikwaruzo ya Mashua

Watu wa Bunia washukao Kasenyi huziona mashua za Ziwa Alberti zimesongamana ufukoni, ubavu kwa ubavu. Kila zigusanapo huachiana alama. Wengine husema, "Ni urembo tu uliopotea." Sivyo! Rangi ni ngozi ya ubao. Ikichubuka, maji hupenya, ubao huoza, na chombo huwa hatari kwa jamaa ile ile kinayoilisha.

Basi, ipandishe mashua nchi kavu, uioshe kwa maji na sabuni, uiache ikauke. Pitisha ukucha juu ya alama. Ukucha usipokwama, alama iko juu tu: ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, kisha uoshe tena. Ukikwama, sugua kwa msasa kwa kufuata nyuzi za ubao, futa vumbi, upake rangi mara mbili, ya kwanza ikiisha kukauka. Mabaharia wa pwani ya Bahari ya Hindi walipaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwa kusudi hilo hilo.

Mwisho, tundika ubavuni vipande vya mpira wa gari vilivyoviringishwa gunia, maana mpira mtupu huacha weusi. Gunia kuukuu ni rahisi kuliko ubao mpya.