Baharia Hafunzwi na Mawimbi Peke Yake

Wazazi wapenzi wa Fizi na Baraka, kijana atakaye useremala mwampeleka kwa fundi, ashike randa na msumeno mbele ya macho ya bwana wake. Na yule atakaye unahodha? Huyo twamwacha apande chombo, achote maji ngamani, atazame wakubwa. Siku nahodha aumwapo, yeye hushika usukani, na watu wamejaa nyuma yake.

Hatudharau elimu ya wazee. Mvuvi wa Ubwari ajua wingu la mvua na wingu la dhoruba, na mwenye kumcheka hajalala ziwani usiku wa ndagala. Lakini wazee walijifunza kwa kasia na tanga. Leo kuna mota, kuna mashua za mbao zichukuazo magunia na watu hata Uvira, Kalemie na Kigoma. Tena masika yakiharibu njia ya gari, kila mtu hukimbilia majini.

Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina la mto wetu wa Fizi, ilizama njiani kutoka Kalemie kwenda Uvira. Watu zaidi ya 120 walikufa. Ilisemwa kwamba ilijaa kupita kiasi na upepo ulikuwa mkali. Kupima mzigo na kupima upepo ni kazi ya kabla ya kung'oa nanga, nayo hufundishwa. Nahodha ajue maji yafike wapi ubavuni mwa chombo, mzigo mzito ukae wapi, na jinsi ya kumwambia mwenye chombo, "Hapana, hatuondoki." Hilo la mwisho ndilo gumu, maana mwenye chombo ndiye alipaye mshahara. Cheti chenye muhuri kingempa nahodha nguvu.

Mtatuuliza: wakati wa kujifunza uko wapi, nasi twala kwa kazi ya kila usiku wa giza? Mwaka 2021 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana ziwa lipumzike miezi 3 kila mwaka, samaki wazaane. Tanzania ilifunga uvuvi tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024, majira ya upepo wa kusi. Twajua kwamba pumziko la samaki ni njaa ya mvuvi, wala hatusemi shule yajaza sufuria. Hata hivyo, kuliko kijana akae ufukoni, au atoke kwa siri na wavu wa macho madogo, afadhali ajifunze kufungua mota na kuisafisha, kukalafati mbao, kusoma dira. Na kuogelea! Wako mabaharia wasiojua. Binti naye afundishwe kuanika ndagala juu ya vichanja, wasilale mchangani wakapoteza bei.

Walimu hawako mbali: seremala wa mashua, fundi wa mota, mzee ajuaye mawingu. Wavuvi wakubaliane tu nani atawalisha walimu hao, na banda lijengwe wapi. Itahitajiwa pia mota moja mbovu ya mazoezi, nazo mota mbovu hazikosekani pwani ya Baraka.