Mchungaji Aliyesomea Nyumbani Si Nusu Mchungaji

Ndugu washarika, yako maneno vikaoni mwetu ambayo yafaa yakome: kwamba aliyesomea uchungaji akiwa nyumbani ni nusu mchungaji, na aliyelala bwenini ndiye kamili.

Wasemao hivyo hutukumbusha kwamba Yesu aliishi na wanafunzi wake. Ni kweli, Marko 3:14 yasema aliwaweka wawe pamoja naye. Lakini mstari huohuo waongeza kwamba aliwaweka ili awatume. Chuo chake kilikuwa njiani, mashuani na mezani pa watu. Mathayo, aitwaye pia Lawi, aliitwa akiwa forodhani. Aliiacha meza ya ushuru, lakini hakuwaacha watoza ushuru: aliwakaribisha nyumbani mwake wale chakula pamoja na Bwana (Luka 5:27–29). Sisi wa Tunduma, mji wa forodha na malori, twapaswa kulielewa hilo kuliko wengine.

Elimu ya Theolojia kwa Enezi ilianzia Guatemala mwaka 1963. Chuo cha Wapresbiteri kiliona kwamba wengi waliosomeshwa mjini hawarudi kuyachunga makanisa ya vijijini, basi walimu wakawafuata wanafunzi walikoishi. Kwetu je? Mwinjilisti wa Momba au Ileje akienda Mbeya miaka mitatu, nani atazika? Nani atafundisha kipaimara? Mama mwenye wito, watoto wadogo na shamba la kahawa Mbozi, amwachie nani? Tukisema bweni tu, tumechagua wachungaji kwa mfuko, si kwa wito.

Bweni lina faida zake: maktaba, sala za pamoja kila asubuhi, mwenzako wa kukupinga unapokosea. Hayo hayapatikani kwa kusoma peke yako usiku, umechoka na jembe. Kwa hiyo anayeitaka enezi kwa sababu ni rahisi naye amekosea. Mwanafunzi wa nyumbani apewe vitabu, mwalimu wa kukutana naye kila mwezi, na majuma kadhaa ya kuishi na wenzake chuoni baada ya mavuno. Na mtihani uwe mmoja kwa wote.

Sadaka ya jengo tunatoa bila kunung'unika. Bajeti ijayo ya usharika iwe na fungu la vitabu vya mwinjilisti wetu. Naye akishafaulu na kubarikiwa, msimwulize alilala wapi. Mwulizeni anawalisha nini kondoo.